Kibao cha Harriet Tubman, Bucktown: nyota tatu kati ya tano

Mimi ni mwandishi wa mabango. Kabla ya kuja Baltimore nilishika brashi Tanga miaka kumi na moja: maduka, daladala, na zile "NYUMBA HII HAIUZWI" zisizo na idadi. Kwa hiyo nikikuta kibao barabarani, jicho la fundi ndilo linalotangulia.

Hiki kipo Greenbrier Road, Bucktown, huko Dorchester, jimbo la Maryland, kando ya shamba la akina Brodess waliommiliki Harriet Tubman, yule mtumwa aliyetoroka kisha akarudi mara kwa mara kuwatoa wenzake. Kutoka kwetu unavuka daraja la ghuba ya Chesapeake, unapita Cambridge, halafu nchi inalala bapa kama sinia, mashamba na vinamasi mpaka macho yachoke. Usitafute mji, hakuna. Shamba ni mali ya mtu, usiingie, na nyumba ya zamani yenyewe haipo tena. Unachokuta ni kibao juu ya nguzo, na mbu.

Kazi ya mkono siilaumu. Herufi zimesubiwa pamoja na chuma chake, nyeusi juu ya nyeupe, mvua haizibandui. Sentensi mbili tu, basi. Wateja wangu wa Tanga walitaka sentensi tisa kwenye mlango wa kioski.

Kasoro ni hesabu. Kinasema alizaliwa 1820 na aliwatoa utumwani watu wapatao 300. Wanahistoria wa sasa wanasema 1822, safari kama 13, watu kama 70. Na ushahidi mmoja wa huo 1822 aliutoa mmiliki mwenyewe, Eliza Brodess. Septemba 1849 Harriet, ambaye nyumbani walimwita Minty, alitoroka na wadogo zake wawili, Ben na Harry. Tarehe 3 Oktoba Eliza akaandika tangazo la kuwasaka: Minty, umri kama miaka 27, maji ya kunde, sura nzuri, urefu kama futi 5. Dola 100 kwa kila mmoja akikamatwa nje ya jimbo. Toa 27 kwenye 1849 uone. Wadogo zake waliingiwa na hofu, wakarudi naye. Baadaye akaondoka tena, safari hii peke yake, mpaka Pennsylvania, jimbo lisilo na utumwa.

Hiyo 300 inaniudhi pande zote mbili. Ukihesabu safari zake za Maryland, ni nyingi mno. Ukihesabu usiku wa Mto Combahee, South Carolina, Juni 1863, alipoongozana na askari wa Muungano, yaani wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na watumwa zaidi ya 700 wakatoka, ni chache mno. Kibao kinamtaja vitani kama muuguzi, mpelelezi na jasusi. Combahee hakiitaji kabisa. Mimi nikikosea bango nachukua petroli na kitambaa, dakika tano limekwisha. Lililosubiwa, mpaka liyeyushwe.

Nilikwenda na binti yangu. Tunampima mlangoni kila Idi, na mwaka huu amefika futi tano kamili. Nikamwambia asimame chini ya nguzo. Kibao kikabaki juu ya kichwa chake, akawa anakisoma ameinua kidevu.

"Baba, ndiyo alikuwa mfupi hivi?"

"Hivyo hivyo."

Akatazama shamba, kisha barabara, kisha akaniuliza Pennsylvania ni upande gani. Nikaonyesha kaskazini kwa kukisia. Ni karibu kilomita 150, na yule mama alikwenda bila gari wala ramani ya simu, ambayo sisi wenyewe ilikuwa imetupotosha mara mbili asubuhi hiyo.

Msigeuze gari kabla ya kufika njia panda, kwenye duka la zamani la Bucktown. Hapo ndipo Harriet, angali msichana, alipokataa kusaidia kumfunga mtumwa aliyekuwa akikimbia. Msimamizi akarusha jiwe la mizani, karibu kilo moja, likampata Harriet kichwani. Kuanzia hapo usingizi ulikuwa ukimwangusha ghafla, maisha yake yote. Kwangu mimi duka hilo peke yake linalipa petroli ya safari.

Kwa wenye watoto: anzieni Church Creek, kwenye kituo cha wageni chenye jina lake, kilichofunguliwa 2017. Hakina kiingilio, choo kipo, na maelezo yake yamekwenda na utafiti mpya. Kibao fuateni baadaye. Na dawa ya mbu mpake kabla hamjafungua milango ya gari.