Kipimo cha meno, trei nyeusi na dawa: uzoefu wangu na stempu za Washington na Franklin

Seti ina vitu vitatu: kipimo cha meno (matundu ya ukingo wa stempu) cha plastiki inayopenya mwanga, trei ndogo nyeusi, na chupa ya dawa ya kuonyesha alama ya maji, yaani herufi zilizofichwa ndani ya karatasi. Naitumia kwa stempu za Marekani za 1908 hadi 1922, zenye kichwa cha Washington au Franklin. Kwa macho ni mapacha. Kwa bei ni mbingu na ardhi.

Kipimo nakipa alama zote. Kinahesabu matundu ndani ya sentimita 2: 12 kwa toleo la mwanzo, 10 kuanzia 1914, 11 kuanzia 1917. Unakilaza hata juu ya stempu iliyobaki kwenye bahasha. Linganisha ukingo mzima, maana matundu mawili ya kwanza hukubali karibu namba yoyote.

Dawa inataka haraka. Laza stempu kifudifudi kwenye trei, dondoshea matone manne matano, tazama papo hapo kabla haijakauka. Herufi USPS hutokea nyeusi kwa kuwa karatasi pale ni nyembamba: herufi zilizochorwa kwa mistari miwili kwa za mwanzo, kwa mmoja kuanzia 1910, na kuanzia 1916 kwa kawaida hakuna alama. Mara nyingi huonekana kipande tu cha herufi, na mkunjo nao huwa mweusi vilevile, basi watu hushangilia mkunjo. Rangi ya njano na chungwa hunishinda. Gundi haiharibiki, ila yangu ni jamii ya petroli: dirisha wazi, moto mbali.

Kasoro kubwa ya seti ni vipimo vya picha, ambavyo haivipimi. Senti 1 ya kijani ya 1922, namba 544 katika katalogi ya stempu ya Scott, ina meno 11 bila alama ya maji, sawa kabisa na namba 498 isiyo na thamani. Tofauti ni kimo cha picha: 22.5 mm kwa 544, iliyochapwa kwa mashine ya rola, takriban 22 kwa 498, iliyochapwa kwa sahani bapa. Chukua 498 moja, kata pembe zake nne, ilaze juu ya unayoishuku. Picha ya chini ikichungulia, geuza nyuma. Za sahani bapa mara nyingi zina vidoa vya wino, za rola huwa safi.

Kwa stempu za koili, zilizouzwa kwa mikanda na zenye pande mbili zisizo na meno, seti haisaidii kitu. Wembe hutengeneza ukingo ulionyooka kutoka stempu ya kawaida, na kipimo kitasoma 10 kwenye pande zilizobaki bila kusita. Hizo nanunua zikiwa jozi, zenye cheti.