Kurudi Franschhoek au kuhamia Stellenbosch?

Ukishalala Franschhoek, mji wa mvinyo wa Afrika Kusini, safari ya pili huleta swali: urudi hoteli ileile ndogo ya kifahari au ujaribu mji jirani wa Stellenbosch? Kwa usafiri Franschhoek inashinda. Tramu ya mvinyo na mabasi yake hukuzungusha mashambani, hivyo anayeonja mvinyo haendeshi gari. Tena mgeni anayerudi hukumbukwa: chai inafika barazani kabla hujaagiza, mizabibu ikianzia pale pale chini ya ngazi. Hilo nalithamini mno. Bei ndiyo inauma, hasa Februari na Machi, msimu wa mavuno. Juni hadi Agosti bei hupoa. Stellenbosch, mji ulioanzishwa mwaka 1679 na wenye chuo kikuu, uko karibu zaidi na Cape Town na una vyumba vya kila mfuko. Wenye watoto au siku chache utawafaa. Wawili wanaotaka utulivu, warudi Franschhoek.