Siku sita kwa farasi ndani ya Bob Marshall, Montana: nyota nne kati ya tano

Safari ndani ya pori la Bob Marshall ilikuwa ya siku sita, usiku tano, mwezi wa Julai: kutoka Benchmark, magharibi ya mji mdogo wa Augusta, kufuata mto Sun hadi karibu na Chinese Wall, ukuta mrefu wa miamba, na kurudi. Wenye kampuni ni mke na mume wenye wasaidizi wawili. Wageni tulikuwa tisa. Bei dola 2,600 kwa mtu, bakshishi mbali. Jina lao siliandiki. Kampuni za aina hii huko ni nyingi, nyingine ni za wanandoa vilevile, na ninayoyaeleza ndiyo ya kuangalia kwa yeyote utakayempa pesa yako.

Sehemu kubwa ya pesa hiyo inaishia kwenye upakiaji wa mizigo, kwa hiyo naanzia hapo. Ndani ya pori hilo gurudumu haliingii. Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 inakataza injini na mashine, baiskeli ikiwemo, na mti ulioanguka njiani hukatwa kwa msumeno wa kuvutana watu wawili. Hema, sufuria, jiko, chakula cha watu 13 na mikoba yenu, vyote vinapanda mgongoni kwa nyumbu. (Nyumbu wa hapa ni mtoto wa punda dume na farasi jike, baghala kwa jina jingine. Wa Serengeti mwache Serengeti.) Sisi tulikuwa na nyumbu tisa na farasi 13 wa kupanda. Kikomo cha kundi moja ndani ya Bob Marshall ni watu 15 na wanyama 35, kwa hiyo ukiona kampuni inataka kukuchomeka kwenye kundi la watu 18, jua kuna kitu.

Tandiko la mizigo walilotumia ni la aina ya Decker: mbao mbili zinazokaa moja kila upande wa uti wa mgongo, zimeunganishwa kwa vyuma viwili vilivyopinda kama upinde, na kamba hupita kwenye vyuma hivyo. Vyombo vya jikoni huwekwa kwenye shogi ngumu, yale masanduku ya ubavuni. Vingine vyote hukunjwa ndani ya turubai la mita 2.1 kwa 2.4, vikafungwa kwa kamba mpaka furushi linakaza kama gunia la mkaa. Kila upande hubeba kilo 30 hadi 35. Nyumbu mzima hauoni uzito huo kuwa tatizo. Kinachomwumiza ni upande mmoja kuzidi mwingine: tandiko linavutwa kidogo kidogo, linasugua, na siku ya pili kuna kidonda mgongoni. Mnyama mwenye kidonda hapakiwi tena, na mzigo wake wanagawana wenzake.

Mama mwenye kampuni alitumia mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoana. Furushi la kwanza lilisoma kilo 32, la pili 30 na nusu. Akaokota jiwe mtoni, akalipima mkononi, akalitumbukiza kwenye furushi jepesi kabla ya kukaza fundo la mwisho. Mumewe alikuwa anasubiri ng'ambo ya nyumbu, bega limeegemea furushi lake, na wakainua kwa pamoja. Ukitangulia upande mmoja, tandiko linageuka na mateke yanaanza. Kwa siku zote sita sikuwasikia wakihesabu "moja, mbili, tatu" hata mara moja.

Nyumbu husafiri kwa mstari, kila mmoja amefungwa nyuma ya tandiko la aliyemtangulia. Angalia kamba inayowaunganisha. Kati ya kamba ya kuongozea na tandiko panatakiwa kipande chembamba kinachokatika kikivutwa kwa nguvu, ili mmoja akiteleza kwenye genge asiwaburute wengine. Ukiona wamefungwa kwa kamba nene moja kwa moja, uliza kabla hamjaondoka.

Dakika 20 au 30 baada ya kuanza, msafara unasimama na kila ukanda wa tumbo unakazwa upya. Wageni wengi waliona huo ni upotezaji wa muda. Farasi wengi hujaza tumbo wanapofungwa, na blanketi la chini ya tandiko hushindiliwa kwa mwendo, kwa hiyo ukanda uliokaza zizini huwa umelegea ukifika kijito cha kwanza. Huko ndiko tandiko linakozunguka na wewe ukiwa juu.

Ratiba ya wenyeji ndiyo inayoeleza kwa nini hamwondoki mapema. Saa kumi na nusu alfajiri bwana anatoka kufuata wanyama walioachwa kulisha usiku, wengine na pingu za miguu ya mbele, na farasi jike mmoja kiongozi na kengele shingoni. Nyumbu humfuata jike huyo popote aendako. Wakati huohuo bibi anawasha jiko, kahawa saa kumi na moja na nusu, chakula saa moja. Kuanzia hapo kuna wanyama 22 wa kukagua kwato, kusugua mgongo na kutandika. Waliotuahidi kuondoka saa mbili walituondoa saa nne. Sikuudhika na saa nne, niliudhika na ahadi.

Farasi wako unapangiwa kwa uzito na uzoefu, kwa hiyo taja kilo zako za kweli. Warekebishe vikuku, vile vya kukanyagia, mpaka ukisimama juu yake pabaki nafasi ya ngumi moja kati yako na tandiko. Vikiwa vifupi, magoti yatakukumbusha jioni. Vaa viatu vyenye kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku. Suruali ya jinzi yenye mshono mnene ndani ya paja itakuchuna, weka ya kubana chini yake. Begi la mgongoni usivae. Koti la mvua lifungwe nyuma ya tandiko, na likihitajika shuka kwanza ndipo ulivae: koti linalopepea juu ya kichwa cha farasi limeangusha watu wengi. Agosti kuna nyigu wanaojenga viota ardhini njiani. Farasi wa mbele huchokoza kiota, wa nyuma ndio wanaochomwa. Ukisikia kelele, legeza hatamu na songa mbele, usisimame.

Dubu wapo, wale wakubwa wa kahawia. Chakula, dawa ya meno, sabuni, hata chakula cha farasi cha vidonge, vyote hufungiwa kwenye masanduku ya kuzuia dubu au kutundikwa mita 3 kutoka ardhini na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina. Wenyeji walikagua mahema yetu kila jioni, na mgeni aliyekutwa na karanga mfukoni aliambiwa mbele ya wote. Nawapa alama kamili kwa hilo.

Chinese Wall yenyewe ni ukuta wa mawe ya chokaa, mita 300 hivi kwenda juu, na macho hayaoni mwisho wake. Kupiga kambi chini yake hairuhusiwi, kwa hiyo siku ya kuuona ni ndefu: saa saba kwenye tandiko, kwenda na kurudi. Picha zake mmeziona, niziruke.

Nyota moja nimeiondoa kwa mambo mawili. Kikomo cha kilo 14 kwa mkoba laini tuliambiwa wiki moja kabla, na wageni wawili walifika na masanduku magumu ya ndege ambayo hayafungiki kwenye turubai. Vitu vyao vilihamishiwa magunia kwenye maegesho. La pili ni moshi. Moto wa misitu ukifunga njia mwezi wa Agosti, malipo ya awali hayarudi, unapewa tarehe ya mwaka unaofuata. Limeandikwa kwenye mkataba, ila ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo. Kwa bima ya safari, soma kama inataja moto.

Uwanja wa ndege ulio karibu ni Great Falls. Ukipitia Missoula usishangae kusikia Kiswahili sokoni; familia za Wakongo zimehamia huko tangu 2016. Kuwapata wenyeji kwa simu kati ya Juni na Septemba ni kubahatisha, maana mtandao unakatika kabla hujafika Benchmark. Waandikie Januari, wakati farasi wapo malishoni na bibi yuko mezani na kalenda, na katika barua ya kwanza taja uzito wako, urefu wako na mara ya mwisho ulipopanda farasi.