Unga wa Ugali: Upi wa Kutangulizwa, Upi wa Kuachwa Nyuma

Anayetafuta unga wa mahindi wenye ladha na lishe ya punje nzima ajiulize kwanza, kabla hata ya bei, unga huo utakaa siku ngapi ndani. Dona husagwa pamoja na kiini, ambacho ndicho chenye mafuta mengi ya punje. Mafuta hayo huupa ugali utamu na harufu yake, na hayo hayo huufanya unga uwe mchungu ukikaa wiki kadhaa mahali penye joto.

Kwa sababu hiyo, nafasi ya kwanza naipa dona ya mahindi uliyoyachagua mwenyewe sokoni na kuyapeleka mashineni, kiasi cha kuliwa kwa wiki mbili tu. Kazi kubwa iko kwenye kuchagua. Kataa punje zilizobunguliwa, zilizovunjika au zenye ukungu, kisha pima ukavu: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise, uache vitulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, ilhali kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu unaozaa sumukuvu, sumu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Kukoboa huondoa sehemu ya sumu hiyo pamoja na pumba, kwa hiyo mla dona hana kinga nyingine ila ubora wa mahindi yenyewe.

Ukibahatika kupata mashine ya mawe, itumie. Unga wake huwa na chenga kidogo, na uji wake una uzito unaopendeza mdomoni, ingawa ugali utahitaji kukaa motoni muda mrefu zaidi. Mashine nyingi za mitaani ni za nyundo, ambazo nazo husaga vizuri kama chekeche ni zima. Uliza tu kama zimefungwa sumaku, kwa kuwa nyundo zinapolika huacha vumbi la chuma ndani ya unga. Mawe yaliyochongwa upya nayo huacha mchanga, hivyo usikubali kuwa mteja wa kwanza siku hiyo.

Ya pili ni dona ya mfuko, mradi tarehe ya kusagwa iwe imeandikwa na haijapita mwezi mmoja. Nusa kabla ya kulipa, muuzaji akiruhusu.

Sembe naiweka ya tatu, na wala si kwa dharau. Imepoteza ganda na kiini, lakini hudumu miezi, na ile iliyoongezwa virutubishi hurejeshewa madini ya chuma, zinki na asidi foliki; Kenya iliwalazimisha wasagaji wa viwandani kufanya hivyo mwaka 2012. Kwa mtu anayenunua unga mara moja kwa msimu, hii ndiyo salama zaidi.

Unga wa lishe uliochanganywa tayari na karanga na soya nauweka mwisho, japo ndio unaosifiwa zaidi madukani. Karanga hushambuliwa na sumukuvu kama mahindi, nazo zikishasagwa huwezi kuzikagua. Anayetaka uji wa namna hiyo anunue ulezi mzima, auoshe mpaka mchanga uishe, aukaushe, na karanga azichambue na kuzisaga kando.