Abakasi ya shilingi 650 kutoka mjini, na ile tuliyojitengenezea Kawangware

Binti yangu yuko Gredi ya 3. Niliona kwenye daftari lake kosa moja linalojirudia: 285 ongeza 140, yeye anaandika 325. Makumi yanazaa mia, naye anaiacha ipotee. Mimi nauza nafaka sokoni Kawangware, hapa Nairobi, na najua uchungu wa mia iliyopotea, kwa hivyo nilipanda matatu nikaenda mjini kumtafutia abakasi, kile kifaa cha kuhesabia kwa shanga.

Duka ni la vifaa vya shule, ghorofani, upande wa River Road. Kijana wa kaunta alinitolea aina tatu. Ya kwanza ni ile ya rangi nyingi, waya 10 na shanga 10 kwa kila waya. Hiyo inamfaa mtoto wa chekechea (PP1) anayejifunza kuhesabu hadi mia, wangu ameshaipita. Ya pili ni ya Kichina, shanga 2 juu na 5 chini. Ya tatu ni ya Kijapani, inaitwa soroban, ushanga 1 juu na 4 chini. Hizo mbili zilikuwa kwenye maboksi yanayofanana, na kijana akaniambia, "Mama, ni kitu kimoja, wewe chagua rangi tu."

Si kitu kimoja. Kwa ile ya Kichina kijiti kimoja kinabeba hadi 15, na Wachina iliwafaa kwa sababu kipimo chao cha zamani cha uzito, jin, kiligawanywa sehemu 16. Mtu wa mizani kama mimi angeipenda. Lakini mtoto anayefundishwa kwamba kumi ikifika lazima ihame anahitaji kijiti kinachojaa kwenye 9 na kugoma hapo. Nikalipia ya Kijapani, ya plastiki, vijiti 13, shilingi 650. Ukienda, hesabu shanga kabla hujatoa pesa.

Inavyofanya kazi: katikati kuna papi, yaani kipande chembamba kinachokata vijiti vyote. Ushanga wa juu ni 5, kila wa chini ni 1, na unahesabiwa tu ukigusa papi. Kijiti cha kulia ni mamoja, kinachofuata makumi, kisha mamia. Kwa hivyo 285 ni shanga mbili kwenye mamia, ule wa 5 na tatu za chini kwenye makumi, ule wa 5 peke yake kwenye mamoja. Sasa ongeza 140. Mia moja unaipandisha, mamia yanakuwa 3. Makumi manne yanakosa nafasi, kwa sababu tayari yako 8. Hapo ndipo penye utamu: unapandisha mia nyingine, na kwa kuwa umeongeza 100 ukitaka 40 tu, unarudisha makumi 6. Ushanga wa juu unarudi juu, mmoja wa chini unashuka, yanabaki makumi mawili. 425. Ile mia iliyokuwa ikipotea kwenye karatasi, hapa mtoto ameisukuma kwa kidole chake mwenyewe.

Kwa kujumlisha na kutoa kifaa hiki nakiamini kabisa. Mwaka wa 1946 mjini Tokyo, Kiyoshi Matsuzaki, mtumishi wa wizara ya posta, alishindana kwa soroban na mwanajeshi wa Marekani aliyetumia mashine ya umeme ya kukokotoa, akamshinda 4 kwa 1. Alishindwa kwenye kuzidisha tu. Kuzidisha na sisi bado tunafanya kwa karatasi.

Sasa hii niliyouziwa. Umbo la shanga ni zuri, zina ncha kali katikati, kidole kinashika ushanga mmoja bila kuamsha jirani yake. Lakini matundu ya shanga ni mapana na vijiti ni vyembamba na laini. Binti yangu anafanya hesabu mezani, anainua aje kunionyesha jikoni, akifika jibu limeshateleza lote. Analia, nami sijui kama alipata au alikosa. Abakasi isiyoshika namba haina maana hata ingekuwa na vijiti 30. Kuna na jingine: nukta za kwenye papi, ambazo hukaa kila baada ya vijiti vitatu ili uone elfu inaanzia wapi, yangu moja imechorwa kwenye kijiti kisicho chake. Nilirudi dukani, nikaambiwa bidhaa ikishatoka hairudishwi. Iliniuma, kwa sababu mtoto ndiye aliyepotezewa wiki mbili.

Tukaamua kutengeneza. Shanga za mbao nilizipata soko la Kariokor, 25, unene wa milimita 8 hivi. Vijiti ni vya mishikaki, vya mwanzi. Nilijaribu kwanza spoki za baiskeli nikaziacha, chuma kinateleza kama ile plastiki. Mwanzi una ukwaruzo kidogo na ushanga unakaa unapouweka. Mbao ni mabaki ya fundi jirani yangu anayetengeneza vitanda.

Yeye ndiye aliyeniokoa kwenye kutoboa. Nilitaka nipime papi tatu moja moja, ya juu, ya katikati na ya chini. Akasema, "La, mama, utakuja kulia." Akazibana pamoja kwa jiriwa, akatoboa matundu matano kwa mara moja, sentimita 2 kati ya tundu na tundu. Vijiti vikapita wima bila kupinda. Jambo la pili ni nafasi: sehemu ya chini inabeba shanga nne, yaani milimita 32, lakini uache 45, la sivyo hazina pa kwenda. Juu tuliacha 18. Unapitisha kijiti, unavika ushanga mmoja, unavuka papi ya katikati, unavika nne, unafunga. Gundi ya mbao iwe kwenye ncha tu. Kijiti cha kwanza gundi ilichuruzika ikashika ushanga, tukalazimika kukivunja.

Vijiti vitano vinafika 99,999, na darasa lake halihitaji zaidi. Shanga zake ni za duara, hazishikiki vizuri kama zile za ncha, na hapo ya dukani imetupita. Lakini unaiinua, unaitembeza hadi kwa jirani, namba bado ipo.

Jumamosi binti yangu alikaa nami kibandani. Mteja alichukua maharagwe ya 370 na ndengu za 160, akatoa noti ya 1,000. Mtoto akaanza kushoto, kama tunavyofanya: mamia yakawa 4. Kwenye makumi akasimama. Akatazama kijiti cha mamia kilichojaa chini, akashusha ule wa juu, akaondoa nne zote za chini, ndipo akarudi kutoa makumi manne. 530. Yule mama mteja alikuwa amesubiri kimya muda wote huo, mfuko mkononi.

"Shikamoo, chenji yako ni 470."