Uzoefu wangu: pampu ya mkono ya kupunguza oili iliyozidi kwenye Hilux ya dizeli

Pampu ninayoizungumzia ni ile ya mkono: tangi la plastiki la lita 6, mpini juu, na mipira myembamba ya kupenyeza kwenye tundu la dipstiki (kijiti cha kupimia oili). Naitumia hapa Mbeya kwenye Hilux 2.5 D-4D yenye injini ya 2KD-FTV. Kama unataka kumwaga oili yote ya sevisi, usiinunue. Kama unataka kupunguza oili iliyozidi, sijaona kifaa kinachoishinda.

Oili huzidi vipi? Tuanze na hesabu. Injini hii inachukua lita 6.9 ukibadilisha pamoja na filta, na lita 6.2 ukiacha filta ya zamani. Madukani kuna galoni za lita 4, za lita 5 na vikopo vya lita 1. Fundi akisema "lete galoni mbili", ukaleta za lita 4 na zote zikamiminwa, tayari umezidisha lita 1.1. Nunua galoni ya lita 5 na vikopo viwili, na hata hivyo kikopo cha mwisho usikimalize kabla ya kupima.

Halafu kuna ardhi yetu. Gereji nyingi za huku zimekaa kwenye mteremko. Gari likimwagwa oili huku limeinama upande usio wa bolti ya kumwagia, oili nyingine hujificha kwenye kona ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Ukija kumimina zile 6.9, unazimimina juu ya mabaki hayo. Na wapo wanaopima mara tu baada ya kuzima injini: oili bado iko juu kwenye silinda hedi, dipstiki inaonyesha pungufu, wanaongeza. Tafuta sehemu tambarare kweli, injini iwe imepata moto, zima, subiri angalau dakika 5 (mimi hungoja 10), futa dipstiki, izamishe hadi mwisho, itoe na usome pande zote mbili. Pande zikitofautiana, amini ulio chini. Ukishaweka filta mpya, washa injini kwa dakika moja hivi ijae, ndipo uzime na kupima.

Ikizidi kidogo, unene wa kucha juu ya alama ya F (kipimo cha juu kwenye dipstiki), mimi siigusi. Ikikaribia nusu lita natoa. Ikifika lita nzima, gari haliwashwi mpaka ipungue, na hapo ndipo mafundi wengi na mimi hatuelewani, kwa sababu wao husema "itajichoma yenyewe". Ni kweli itachomeka, lakini angalia inapita wapi. Vyuma vya uzani vya krenki (shafti kuu ya injini) vinazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Vikiigusa oili vinaipiga mpaka inakuwa povu la sabuni. Povu lina hewa, na pampu ya oili ikivuta hewa, beringi za krenki na za tabo (turbo) hazipati utando wa kutosha. Utaona taa ya presha ikimulika injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), au hutaona chochote huku tabo ikiumia.

Ukungu wa oili nao hutoka kupitia briza (njia ya injini ya kupumulia), ambayo kwenye gari hili inarudi kwenye njia ya hewa kabla ya tabo. Kwa hiyo mipira ya hewa inalowa, intakula (kipoza hewa ya tabo) inajaa oili, moshi wa bluu unatokea. Injini ya dizeli haibagui: oili ikiingia kwa wingi kwenye silinda inaungua kama mafuta, na injini inaweza kupanda mizunguko yenyewe. Ukizungusha ufunguo haizimi, kwa sababu ufunguo unakata dizeli tu. Gia ya juu, breki zote, achia klachi izimike; au ziba mdomo wa hewa kwa ubao. Usizibe kwa mkono.

Milima inaongeza tatizo. Ukipanda Kitonga, Mlima Nyoka au ile njia ya Kawetere kwenda Chunya, pua iko juu na oili yote inakimbilia nyuma ya sampu, kwenye sili (raba ya kuzuia oili isivuje) ya nyuma ya krenki. Presha ndani ya injini ikipanda kwa sababu briza imelemewa, sili hiyo ndiyo inayosalimu amri, oili inashuka kwenye klachi. Sili yenyewe si ghali. Kazi ni kushusha gia boksi ili uifikie.

Sasa pampu. Kulegeza bolti ya sampu ili utoe lita moja tu ni kazi chafu, na mara nyingi unatoa mbili. Kwa pampu, fanya hivi. Toa dipstiki, pima kwa rula kuanzia pale inapokaa kwenye mdomo wa bomba hadi alama ya F. Pima urefu huohuo kwenye mpira wa pampu kuanzia ncha yake, weka alama kwa utepe wa umeme. Penyeza mpira hadi utepe ufike mdomo wa bomba, piga mpini mara 15 au 20, uache uvute. Oili ikishuka hadi F, mpira unaanza kukoroma kwa kuvuta hewa. Basi, umefika. Huhitaji kubahatisha. Rudisha dipstiki na upime tena, maana mpira hujikunja kidogo ndani ya bomba na kipimo kikakosea milimita chache.

Oili iwe vuguvugu, si ya kuchemka, kwa sababu plastiki ya tangi huregea. Asubuhi ya Juni hapa Mbeya, 15W-40 ikiwa baridi hupita kwenye mpira huu kwa kusuasua mpaka unachoka kupiga mpini. Washa injini kwanza ipate joto kidogo, ila si kama umezidisha lita nzima. Hapo vumilia ubaridi.

Kasoro zake: mipira hukakamaa kwenye baridi na kubaki na mikunjo, alama za lita kwenye tangi hazisomeki tangi likishachafuka, na raba ya mpini ikikauka pampu haivuti tena. Paka oili kidogo kwenye raba hiyo kila mara. Ukijaribu kumwaga oili yote nayo, tope la chini linabaki, na kwenye 2KD tope si jambo dogo: washa (pete za kuzibia) za nozeli zikivujisha, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la sampu. Kwa sevisi kamili fungua bolti.

Usiitumie pia kama oili imepanda yenyewe bila mtu kuongeza. Inuse dipstiki. Ikinuka dizeli, kuna nozeli au pampu ya dizeli inayovuja ndani. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na hapo shuku gasketi ya hedi au kipoza oili. Kupunguza kutakufichia ugonjwa, na oili iliyobaki haitalainisha inavyotakiwa. Imwage yote baada ya kutengeneza.

Oili mpya uliyoinyonya baada ya kuzidisha haina ubaya wowote, mradi tangi lilikuwa safi na gari halijaendeshwa. Irudishe kwenye kikopo chake, ukifunge vizuri, uandike daraja lake juu.