Lon Chaney Katika Banda la Video la Kaloleni, Arusha

Banda moja la video la Kaloleni, ambalo wengi tunalifahamu kwa mechi za mpira na filamu za mapigano zilizotafsiriwa, sasa linatenga Alhamisi jioni kwa ajili ya filamu bubu za mwigizaji wa Marekani, Lon Chaney. Kiingilio ni shilingi 1,000, na kahawa inauzwa mlangoni. Kwa filamu zilizochaguliwa, fedha hiyo ni halali yake. Tatizo ni mtafsiri, ambaye hanyamazi.

Chaney alizaliwa Colorado Springs mwaka 1883, na wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi. Alikulia katika nyumba ambamo habari zilipashwa kwa mikono na uso, hivyo alipopanda jukwaani akiwa kijana, na baadaye alipohamia kwenye filamu, alikuwa na ufundi ambao wenzake walilazimika kujifunza ukubwani. Sura za wahusika wake alizitengeneza mwenyewe, na umahiri wake ulifahamika kiasi kwamba ndiye aliyeandika makala kuhusu kazi hiyo katika Encyclopaedia Britannica ya mwaka 1929.

Katika The Phantom of the Opera ya mwaka 1925, yuko kwenye kinanda akiipa kamera uso, na binti aliyesimama nyuma yake anamvua barakoa ghafla. Sisi watazamaji tunauona uso ule kabla ya binti kuuona: pua iliyovutwa juu, macho yaliyodidimia, kinywa kilichoachama. Ni sekunde chache tu, na nguvu yake yote imo katika kule kutangulia kwetu kuona. Mtafsiri wetu alizijaza sekunde hizo kwa kupiga kelele, "Mama yangu, angalieni jamaa alivyo!" Alipokuwa akisoma kwa Kiswahili yale maandishi yanayokatiza picha alitusaidia sana, hasa wazee na watoto, lakini penye uso wa Chaney angeweka kipaza sauti chini.

Wiki nyingine ilionyeshwa West of Zanzibar ya mwaka 1928, na jina hilo lilileta watu wengi kuliko kawaida. Filamu ilipigwa Marekani, na Waafrika waliomo ni wa kubuniwa: eti mtu akifa, mkewe au bintiye huchomwa moto pamoja naye. Banda zima liliangua kicheko, na hapo mtafsiri alistahili sifa, kwa kuwa aliusuta upuuzi huo papo hapo bila kuukatiza mkasa. Hata hivyo Chaney, akiwa mwanamazingaombwe aliyepooza miguu, anajiburuta sakafuni kwa mikono kwa namna iliyowanyamazisha hata waliokuwa wakicheka.

Viti ni mabenchi yasiyo na egemeo, na maandishi hukaa chini ya kioo, kwa hiyo anayekaa nyuma huona visogo tu. Spika zilizoletwa kwa ajili ya mpira ni kubwa mno kwa muziki wa piano.

Mwenye banda anasema ataonyesha pia The Unholy Three ya mwaka 1930, filamu pekee ambayo Chaney alizungumza, iliyotoka muda mfupi kabla hajafariki Agosti mwaka huohuo. Humo anabadilisha sauti kama alivyozoea kubadilisha sura, na mtafsiri akiifunika sauti hiyo, nitaomba nirudishiwe kiingilio changu.